Mjadala: Je, ni sawa majarini kuuzwa kwa jina la siagi?

Wadau, hapa Nakuru ukiagiza chai na mkate wa siagi, aghalabu unaletewa mkate uliopakwa majarini. Ukiuliza, jibu ni lile lile: siagi ni chochote kinachopakwa mkate. Jibu hilo silikubali, na nataka tulijadili waziwazi.

Siagi ni mafuta ya maziwa. Aliyekulia kwenye ng'ombe, kuanzia Molo hadi Bungoma, ameiona ikitengenezwa: maziwa yaliyolala hutiwa kibuyuni, yakatikiswa mpaka mabonge ya manjano yaanze kugonga ubavuni, kisha mabonge yakaoshwa kwa maji baridi. Ukiyaweka motoni, maji yakakauka na machicha yakazama, unapata samli. Kilo moja tu ya siagi hula lita 20 na ushee za maziwa.

Majarini ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869 na Hippolyte Mège-Mouriès, aliyetumia mafuta ya ng'ombe kupata mbadala wa bei nafuu. Siku hizi kwa kawaida ni mafuta ya mimea, hasa mawese, yanayogandishwa kiwandani. Ichemshe kutwa nzima, samli huioni.

Sisemi majarini ni mbaya. Huongezwa vitamini A, na imewashibisha watoto wengi kabla ya kwenda shule. Mama akinunua kopo lake akaiita siagi nyumbani, sina neno naye. Ninayemlenga ni muuzaji. Kopo alilonunua limeandikwa majarini. Jina linabadilikia jikoni kwake, na kwenye menyu bei inapanda.

Kuna wasemao lugha ni ya watu, na watu wameshaamua. Kwenye mazungumzo, sawa. Lakini mtu ambaye maziwa yanamdhuru anahitaji kujua anakula nini, na aliyelipia siagi apewe siagi. Tena hii ni kaunti ya maziwa. KCC yenyewe, ile kampuni ya maziwa ya Kenya, ilianzia Naivasha mwaka 1925. Mfugaji wa Njoro anayelia na bei ya lita atauzaje siagi yake, ikiwa mteja ameshazoeshwa kwamba ladha ya siagi ndiyo ile ya mawese?

Napendekeza menyu na vibandiko vya keki viseme majarini palipo na majarini, na mwenye siagi halisi aiuze kwa bei yake. Wenye mikahawa na bekari, nawasikiliza: kinachowazuia ni gharama, au mnaogopa wateja watakimbia?