Mrejesho: historia ya La Posada, hoteli ya reli ya Winslow

Ndugu zangu, niliuliza hapa kwa nini mji mdogo wa Winslow, jimboni Arizona, ulijengewa hoteli kubwa namna ile kando ya reli, na kwa nini ikafungwa mapema. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Nilianza na ushauri wa kusoma faili lililoiingiza La Posada katika orodha ya kitaifa ya Marekani ya maeneo ya kihistoria mwaka 1992, nalo ndilo lililonifaa kuliko yote. Winslow ilikuwa kituo kikuu cha reli ya Santa Fe, ambayo abiria wake walihudumiwa na kampuni ya hoteli na migahawa ya Fred Harvey. Hoteli ilifunguliwa mwaka 1930, mdororo wa uchumi ukiwa umekwisha kuanza. Msanifu wake, Mary Colter, aliibuni kana kwamba ni makazi ya ukoo tajiri wa Kihispania, akashughulikia hata samani na bustani, kazi ambayo kwa maoni yangu inastahili sifa kubwa zaidi. Abiria wa treni walipopungua kwa sababu ya magari na ndege, ilifungwa mwaka 1957, kisha reli ikaigeuza ofisi. Ilinunuliwa mwaka 1997, ikakarabatiwa, na sasa inapokea wageni tena.

Ushauri wa kutafuta majina ya wapishi na wahudumu katika magazeti ya zamani haukufaulu, kwani yaliandika habari za wageni tu. Anayewatafuta watumishi aanze na sensa ya mwaka 1940, inayotaja kazi za watu wa miaka 14 na zaidi; huko ndiko ninakoendelea.