Nimehamia Lindi kikazi, samaki wa mto nitavua wapi?

Ndoano ya Ifakara:
Wakuu, habari za jioni. Nimehamishiwa Lindi mjini, kazi za ofisini, familia itanifuata shule zikifungwa. Nimekulia Ifakara kando ya Kilombero, na kwangu mimi samaki ni wa mto: kambare, kitoga, perege. Jumamosi ikipita sijashika mshipi najiona kama naumwa. Hapa kila ninayemuuliza ananyoosha kidole baharini. Bahari naiona, lakini sitaki ngalawa wala mawimbi. Nataka kukaa ukingoni chini ya mti na ufito wangu, basi.

Nimesikia habari za Lukuledi na Mbwemkuru, na Ruvuma nani asiyeujua. Upi unamfaa mtu asiye na gari, mwenye siku moja tu kwa wiki? Lukuledi nimeupita juzi kwenye basi, nikaona mchanga mwingi kuliko maji, nikakata tamaa. Sivui biashara, ni kitoweo na kupumzisha kichwa.

Korosho Mbichi:
Mtu anapewa Bahari ya Hindi bure, yeye anaulizia kambare 😂 Ungebaki Ifakara tu mkuu.

Mzee wa Mtama:
Kijana, huyo usimsikilize. Mto ulioupita mwezi huu wa kumi siyo Lukuledi tunaoujua. Huku kusini mvua ni ya msimu mmoja, inashika mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, ikijivuta inafika Mei. Kilombero yenu ina milima ya Udzungwa nyuma yake. Wetu unategemea mvua hiyohiyo na chemchemi za kwenye miteremko ya uwanda wa Makonde, kama zile za Ndanda. Kwa hiyo Oktoba lazima uukute umekonda.

Msimu wako wewe wa ufito ni pale maji yanapoanza kushuka na kusafika, Mei hadi Julai hivi. Kabla ya hapo mto ni tope jekundu na magogo, utapoteza ndoano bure. Baada ya hapo, kiangazi kikikomaa, mto unakatika unakuwa madimbwi, na samaki wote wamebanana humo. Tafuta kona ya mto iliyochimbika, hasa penye mkuyu uliolalia maji. Bonde lote la kuanzia Mnazi Mmoja kupanda Mtama hadi Nyangao barabara ya Masasi inafuatana na mto, kwa hiyo gari si tatizo: unapanda basi asubuhi, unashuka, unatembea. Ila ukifika usijitupe tu ukingoni. Salimia watu, ulizia dimbwi lipi lina mamba. Wenye mashamba ya kando wanajua.

Jambo moja. Mvua za kwanza zikimwagika, kambare wanapanda kwenye majani yaliyofurika kutaga. Utawakuta wanagaragara kwenye maji ya kifundoni na watu wanawakata kwa panga kama kuni. Tumbo limejaa mayai. Mwaka unaofuata watu haohao wanalalamika mto hauna samaki. Wewe usiwe mmoja wao.

Fundi Redio:
Chambo cha kambare ni sabuni ya mche, ile ya kufulia. Kata vipande, tega jioni. Utanikumbuka.

Mzee wa Mtama:
Sabuni inakamata, sikatai. Lakini utumbo wa kuku uliokaa juani nusu siku unaishinda, na ukirudi nyumbani hauna maswali ya nani kamaliza sabuni.

Maji Mafu:
Ndoano ya Ifakara, kuna kitu ambacho mtu wa bara hakijui akija hapa, ngoja nikupe. Huku chini, Lukuledi unapokaribia kuingia ghuba ya Lindi, siyo mto tena kama wa kwenu. Maji yanapanda na kushuka na bahari, ukingo ni mikoko, na chumvi inaingia mbali kuliko unavyodhani. Kambare usimtegemee hapo. Ila samaki wapo: chaa, chewa wadogo, kolekole wakati mwingine. Mkizi utamwona akiruka mpaka akukere, lakini ndoano haitaki, huyo ni wa nyavu. Chambo ni kamba mbichi, ndoano ndogo, chubwi iwe nzito kidogo maana mkondo unavuta.

Na lazima ujue bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kukupwa sana, na maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: pwani yetu hii maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yanakupwa kwenye saa nne. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Sasa piga hesabu. Ukitoka ofisini siku ya bamvua unakuta maji ndiyo yamejaa, samaki wameingia kwenye mikoko kula. Kaa mpaka yaanze kutoka, hapo ndipo wanapong'ata. Ukija saa nne asubuhi ya bamvua utavua matope. Hii unaweza kuifanya siku ya kazi, huhitaji Jumamosi, na chini ya mti utakaa, ni mkoko tu.

Ndoano ya Ifakara:
Shukrani sana wakuu. Mzee wangu wa Mtama, shikamoo. Maji Mafu, hiyo ya saa kumi jioni umenifungua macho, sikuwa nimeifikiria kabisa. Vipi Ruvuma? Nina ndugu Mtwara mjini, naweza kulala kwake.

Msimbati Asilia:
Ruvuma ndiyo mto wenyewe, kama unataka mto. Urefu kama kilomita 800, ng'ambo ni Msumbiji. Kutoka Mtwara watu wanashukia Kilambo, kwenye kivuko. Lakini sikushauri uende peke yako na ufito begani kama uko Ifakara.

Kwanza mamba na viboko, hilo si la kusimuliwa. Pili, ule ni mpaka. Tangu 2017 Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji la ng'ambo, hakujatulia, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa. Kwa hiyo mgeni anayezunguka ukingoni jioni na begi ataulizwa, na ana haki ya kuulizwa. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, jitambulishe, onyesha kitambulisho, sema unavua na nani. Ukiambiwa leo hapana, rudi. Tatu, ukishuka kuelekea mdomoni unaingia kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na ina taratibu zake. Uliza kabla ya kutupa mshipi.

Ukipata mwenyeji mvuvi akakuchukua kwenye mtumbwi wake, utafurahi. Ukikosa, usilazimishe.

Mtoto wa Newala:
Na sisi wa Newala tunavua wapi? 🙏

Korosho Mbichi:
Kwenye ndoo. Huko juu hata maji ya kunywa mnayatafuta, samaki ataogelea wapi?

Msimbati Asilia:
Mtoto wa Newala, teremka bondeni, Ruvuma uko chini yako. Kupanda kurudi ndiyo shughuli.

Perege Mweusi:
Nashangaa hakuna aliyetaja Rutamba. Kaka, kama unapenda perege achana na mito kwanza, tafuta ziwa Rutamba. Lipo mkoa huuhuu wa Lindi, na jirani kuna Nambawala na Mitupa. Maziwa madogo, ila wataalamu wa samaki wanayafahamu, maana humo kuna perege aina ya Korogwe, yuleyule wa bonde la Pangani kule Tanga, na katikati hapo hayupo. Alifikaje, kila mtu ana maneno yake. Siku hizi kuna na perege wa kuletwa wanaochanganyika naye.

Kwa ufito ni raha tupu. Perege dume anachimba kiota kama sahani kwenye mchanga wa maji mafupi na analinda, utaviona kwa macho maji yakiwa safi. Jike anaatamia mayai mdomoni, kwa hiyo ukimvua ukaona anatema vichanga, mrudishe, hana faida kwako. Mdomo wake mdogo, ndoano kubwa ya kambare hatainusa. Tonge la ugali mgumu au nyungunyungu, boya dogo, mshipi mwembamba. Asubuhi mapema, kabla ya upepo.

Sista Zamu:
Madimbwi na maziwa ya huku yana kichocho. Usiingie majini kukomboa ndoano iliyonasa, kata mshipi, ndoano si ghali. Na watoto wakija usiwaache waoge humo.

Afisa Mstaafu:
Na uanzie ofisi ya uvuvi ya halmashauri kabla hujaanza, ni suala la leseni, hata kwa ndoano watakueleza unachotakiwa. Sheria ya Uvuvi ni ya 2003, na baruti na sumu ni marufuku, mtoni na baharini. Nasema sumu kwa sababu utakuta watu wanaponda utupa na kumwaga dimbwini kiangazi. Samaki wote wanaelea, mpaka wa kidole. Ukialikwa kwenye shughuli hiyo, ondoka.

Ndoano ya Ifakara:
Basi nimepata mpango. Wiki ya bamvua nitaanza na mikoko baada ya kazi, Rutamba Jumamosi nikishapita halmashauri, Lukuledi nausubiri Mei. Ruvuma mpaka nipate mwenyeji. Perege Mweusi, gari la Rutamba nalipatia wapi?

Perege Mweusi:
Ulizia stendi jioni ya siku ya kabla, siyo asubuhi, maana ya alfajiri hayasubiri mtu. Na uhakikishe la kurudi kabla hujashuka. Mimi huwa nakwenda mwisho wa mwezi, ukitaka njoo inboksi.

Fundi Redio:
Beba na sabuni.