Naomba ushauri: nampeleka kaka kwenye mgahawa wa Kikorea wa visahani

Wakuu, habari za leo, na wakubwa shikamooni.

Kaka yangu na shemeji wametoka Tanga kunitembelea hapa New Jersey. Mke wangu kashakata shauri: Jumamosi tunavuka kwenda Danji, Manhattan, mgahawa wa Kikorea ambao ulishawahi kupewa nyota ya Michelin, ile tuzo kubwa ya migahawa. Mimi vya Kikorea nimezoea vya bei chee, bakuli moja limejaa wali, na kimchi (kabichi ya pilipili iliyochachushwa) ya pembeni bure. Huko ni visahani vya kuchangia meza nzima, matonge mawili matatu umemaliza.

Sasa kaka yangu mnamjua mtu wa ugali? Akiona vipande vinne kwa watu wanne atadhani ni cha kuonjesha, atasubiri chakula chenyewe. Niagize visahani vingapi? Nawaza vinane, ila juu ya bei kuna kodi ya 8.875% na bakshishi ya mhudumu karibu 20%. Mfuko unalia kabla sijakaa.

Kubwa zaidi ni shemeji. Hali nguruwe, hagusi pombe. Japchae isiyo na nyama naona inamfaa, ni tambi za wanga wa viazi vitamu. Lakini michuzi? Gochujang (rojo lao la pilipili) nyingine hutiwa pombe, na nyama zao huweza kulowekwa kwenye mvinyo wa mchele. Niwapigie simu mapema, au nimuulize mhudumu palepale bila kumwaibisha shemeji?

Halafu vile vijiti vya chuma vinateleza balaa. Kuomba uma ni aibu?