Bianchi ya marehemu baba: kikombe cha pedeli kimegoma kutoka

Kijana wa Shela, Malindi

Assalaam aleikum jamani. Naomba msaada kabla sijagombana na fundi wangu, maana ni jirani na watoto wetu huenda madrasa pamoja.

Marehemu baba alifanya kazi ya bustani kwa Mtaliano mmoja kule Casuarina, miaka mingi. Yule bwana alipofunga nyumba akarudi kwao, mshahara wa miezi miwili ya mwisho ulibaki hewani, na badala yake baba akaachiwa baiskeli, Bianchi ya Kitaliano. Mama hadi leo akiiona husema, "Ile miezi miwili bado imeegemea ukuta." Baba hakuipanda hata siku moja, alisema siti yake imetengenezwa kumkomoa mtu. Lakini kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini aliifuta vumbi.

Nimeishusha stoo mwezi huu. Rangi yake si kijani wala si buluu, ni kama maji ya Mayungu saa nne asubuhi. Mbele kuna nembo ya tai mwenye taji. Gea ya nyuma imechorwa Campagnolo (kampuni ya Kitaliano ya vipuri vya baiskeli), Nuovo Record, na juu yake PATENT-73. Vijiti vya gea viko kwenye bomba la chini la fremu, si kwenye usukani. Breki zimeandikwa Universal, na hapo ndipo mtu mmoja aliponiambia nimeuziwa bandia, eti ingekuwa ya kweli ingekuwa Campagnolo mwanzo mwisho. Nani aliniuzia?

Shida ni hizi. Ekseli ya pedeli inakwaruza kama mtu anasaga mchanga. Ekseli hiyo inashikwa na vikombe viwili vya chuma vyenye hesi, kimoja kila upande, gololi zikiwa ndani. Fundi ametoa kikombe cha kushoto vizuri. Cha upande wa cheni amepiga spana, akaiongezea bomba la mita nzima, nusu saa, jasho linamtiririka, wapi! Bapa za kikombe zimeanza kulika. Anasema akate, kisha atie vikombe vya dukani na apulize rangi nyekundu "ipendeze".

Pili, gurudumu la nyuma si lake, mtu alibandika la chuma. La mbele ni la asili, rimu nyepesi, lakini nimenunua tairi la Black Mamba, zile baiskeli nzito za kawaida, linacheza kama kikuku mkononi mwa mtoto. Tatu, bomba la siti limeganda ndani ya fremu na fundi anataka kulichoma na gesi.

Kuna mgeni wa hotelini amenipa bei ya 15,000. Sitaki kuuza. Nataka iwe kama ilivyokuwa, na nataka niipande.

Tuktuk la Barani

15,000 na wewe bado unauliza maswali? Niletee mimi huyo mgeni.

Fundi wa Kibokoni, Mombasa

Kaka, mwambie fundi aweke bomba chini kwanza.

Baiskeli zetu karibu zote huku, za Kihindi na zile Raleigh za wazee, kikombe cha upande wa cheni kina hesi ya kushoto. Ukitaka kukifungua unazungusha kulia, na mkono wa fundi umezoea hivyo miaka nenda miaka rudi. Mtaliano hakufuata mambo hayo. Kwake pande zote mbili ni hesi ya kulia, kwa hiyo hicho kikombe hufunguka kama bolti yoyote, kinyume na mwendo wa saa. Nusu saa nzima fundi wako alikuwa anakaza! Usimcheke. Mimi ya kwanza iliyonijia niliikaza mpaka spana ikakatika, na mwenyewe amesimama pembeni.

Hakikisha kabla ya kuamini maneno yangu. Pima upana wa bomba ambamo ekseli hupita. Ikiwa milimita 70 ni ya Kitaliano, 68 ni ya Kiingereza. Kisha angalia uso wa kikombe mlichokitoa, kama kimechorwa 36 x 24, mambo yamekwisha. Maana yake kipenyo cha milimita 36, meno 24 kwa inchi. Vikombe vya dukani ni kama milimita 34.8, vitaingia bila hata kuzungushwa, na atakayekuambia avifunge kwa utepe mfukuze.

Kwa kuwa bapa zimelika, achaneni na spana. Tafuteni karakana yenye jiliwa kubwa lililofungwa kwenye meza nzito. Laza fremu ubavu, upande wa cheni chini, bana bapa za kikombe kwenye jiliwa sawasawa, kisha shika fremu yenyewe uizungushe kama usukani wa lori. Ukiwa unaitazama kutoka juu, zungusha kinyume na mwendo wa saa. Mtie mafuta ya kutu tangu usiku wa kabla. Fremu nzima ndiyo mpini wako.

Breki za Universal zisikutie wasiwasi. Campagnolo walianza kuuza breki zao mwishoni mwa miaka ya 1960 na bei yake haikuwa ya mchezo, kwa hiyo baiskeli nyingi nzuri za Italia za wakati huo zilivaa Universal. Hiyo 73 ni mwaka wa gea, si lazima fremu ilingane nayo. Mwaka wenyewe haukuwa mbaya, ndio Gimondi, mwendesha baiskeli wa Italia, alipochukua ubingwa wa dunia kule Barcelona akiwa juu ya Bianchi.

Tairi: la Black Mamba la 28 kwa 1½ hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635, rimu yako bila shaka ni ya 622. Na ikiwa rimu haina ukingo wa ndani wa kushika tairi, hiyo ni ya tairi la kugundisha, lile lililoshonwa na tubu yake ndani. Usilazimishe lingine. Gurudumu la nyuma, pima nafasi kati ya masikio ya fremu yanayoshika gurudumu: milimita 120 ni ya gea tano, 126 ni ya sita. Tafuta haba, yaani kitovu cha gurudumu, ya kipimo hicho. Usiitanue fremu kwa nguvu.

Rangi nyekundu? Astaghfirullah. Ile rangi ndiyo Bianchi yenyewe. Ikwaruzike, ipauke, iache.

Bint Amu

Huku Lamu baiskeli hatuna haja nazo sana, lakini mashine za boti tunazijua. Aluminiamu ikiganda ndani ya chuma kwa sababu ya chumvi, usichome. Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili kuliko chuma, unazidi kuibana. Fanya kinyume chake. Nenda kwa wauza samaki ukanunue barafu, uiponde, ulifunge lile bomba la siti kwa gunia lenye barafu lisaa lizima. Tia mafuta, kisha pindapinda polepole. Sisi hutoa hivyo.

Mzee wa Ngomeni

Mwanangu, nilikuwa kibarua Ngomeni wakati Wataliano wa kituo cha roketi cha San Marco waliporusha ile setilaiti ya Uhuru, Disemba 1970. Palikuwa na mmoja alikuja na baiskeli kama hiyo yako, akifika anaiingiza ndani ya nyumba, gari analiacha nje juani. Tukimcheka. Allah amrehemu babako kwa kuifuta.

Kijana wa Shela, Malindi

Shukran nyote. Nimepima kwa vernia ya mwalimu wa polytechnic: 70 kamili. Kikombe cha kushoto kimeandikwa 36 x 24. Nilimwonyesha fundi, akakaa kimya, akawasha sigara, akasema "kumbe nilikuwa nakisaidia kikombe kukaza."

Leo tumekwenda karakana ya welda, jiliwa kubwa. Fundi mwenyewe ndiye aliyezungusha, nikamwachia haki yake. Imelia kama mlango wa godauni, ikalegea. Ndani mlikuwa na grisi iliyogeuka udongo mweusi na nyumba ya nyigu, tupu.

Bomba la siti bado, barafu ya kwanza imeyeyuka bure. Kesho napeleka gunia mbili.

Gololi za kikombe cha cheni nimehesabu 11. Za kushoto ziko 10. Mtoto yuko uani na ungo, anachekecha mchanga.