Tupeane uzoefu: lini mara ya mwisho uliamini kitu kitabadilika, watu wakakucheka?

Spea za Kisekka
Jamani jioni njema. Leo dukani kijana anayetusaidia kazi amekuja na daftari, anataka kila mwenye duka achange 5,000 tuzibue mtaro hapo mbele kabla mvua haijatuingilia ndani. Nikamcheka. Nikamuuliza siasa umeanza lini? Akafunga daftari polepole akaenda kuhesabu beringi. Sasa niko nyumbani usingizi hauji, maana mimi huyu huyu 2011, wakati wa yale maandamano ya hapa Uganda ya kutembea kwa miguu kwenda kazini, nilitoka Bweyogerere asubuhi nikatembea mpaka nikakutana na gesi ya machozi, na nilikuwa naamini kabisa. Ni lini nimekuwa hivi? Semeni yenu.

Nubi wa Bombo
Mimi nacheka wa kwanza ili nisichekwe. Basi.

Mama Pacha Busia
Ya kwangu ni kaveera, hii mifuko ya plastiki. 2009 walivyosema kaveera marufuku mimi nikaamini serikali jamani, nikachukua mkopo wa kikundi nikanunua vikapu 300. Soko zima likanicheka mpaka wateja wangu wa nyanya wakawa wananiita Mama Vikapu, na wananiita hivyo huku nawafungia nyanya kwenye kaveera nyeusi! Kuku wakaanza kutagia humo. Halafu 2017 Kenya nao wakapiga marufuku, kule ikashika kweli, nikavusha vilivyobaki, wiki mbili vimeisha. Kwa hiyo sijui niseme niliamini bure au niliamini mapema.

Nubi wa Bombo
Uliamini nchi ya jirani 😂

Boda Ntinda
Mimi napinga hii ya kusema hakuna kinachobadilika. 2023 si tuliweka picha za mashimo ya barabarani mtandaoni, yale maonyesho aliyoanzisha mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo? Watu walicheka wee, lakini rais mwenyewe akaagiza zitoke bilioni 6 za kuziba mashimo Kampala. Picha za simu tu hizo.

Mwalimu Arua
Zikaziba nini? Kwetu walimwaga udongo, mvua ya kwanza ikaubeba.

Boda Ntinda
Mwalimu, Arua ni Kampala? Mimi napita hizo barabara kila siku na abiria mgongoni, zipo zilizozibwa, zipo ambazo bado. Usijibu kitu hujaendesha.

Mwalimu Arua
Nyinyi ndio mlilipa ile kodi ya 200 kila siku ya kuingia WhatsApp 2018.

Boda Ntinda
Nililipa nini, nilikuwa na VPN kama wewe.

Spea za Kisekka
Jamani tusigombane, hata hiyo kodi ilitoka 2021.

Mwalimu Arua
Ikarudi ndani ya bando, asilimia 12. Huko ndio kubadilika kwenyewe, mzee wangu.

Fundi wa Jinja
Nimesoma nimenyamaza lakini hii imenigusa. 10 Julai 2018, uchaguzi wa LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, wa kwanza tangu 2001, mnakumbuka hakuna karatasi, watu wanajipanga mstari nyuma ya mgombea. Mimi nilijitokeza kwa sababu ya kalvati. Kalvati tu. Watoto walikuwa wanavuka mfereji juu ya ubao kwenda shule na mmoja alishavunjika mkono. Miezi miwili nazunguka nyumba kwa nyumba, sijampa mtu hata sabuni, naongea tu, na kila mtu ananiambia tuko na wewe mwanetu, safari hii lazima. Siku ikafika, uwanja wa shule, jua kali, nimevaa shati jeupe la harusi ya kaka yangu. Tukaambiwa tuangalie mbele. Kwa hiyo nasikia tu kandambili nyuma yangu, zinapita zinapita, vumbi linapanda, nikasema moyoni leo wamejaa. Nikageuka. Mama. Shangazi. Fundi baiskeli ninayemdai. Na mlevi mmoja ambaye baadaye alisema alikosea mstari. Upande wa pili mstari umekata kona ya darasa la tatu. Kushindwa si neno. Kuna mzee jirani, juzi yake tu nilikunywa chai kwake, tukaangaliana akainua mabega, hivi, kama mtu amekanyagwa kwenye takisi. Na mama yangu wamemaliza kuhesabu bado amesimama, nikamwambia mama twende, akasema ngoja labda watarudia.

Mama Pacha Busia
Uwiii huyo mama.

Boda Ntinda
Shida hukugawa sabuni.

Nubi wa Bombo
Angegawa angekuwa kama wao. Ushauri wangu tafuta visa.

Mwalimu Arua
Panda kahawa, achana na watu. Kahawa haiinui mabega.

Mama Pacha Busia
Usiwasikilize hao. Fanya jambo lako kimya, ukitangaza tu limeharibika. Na huyo kijana wa mtaro, Spea, kesho umpe hiyo 5,000 mbele za watu.

Nubi wa Bombo
Kimya au mbele za watu? Chagua moja mama 😂

Spea za Kisekka
Fundi, na hiyo kalvati?

Fundi wa Jinja
Mwaka jana nilinunua ringi mbili kwa hela yangu. Ziko nyuma ya jikoni, bata wanalala humo. Peke yangu siwezi kuzibeba mpaka mferejini.

Boda Ntinda
Jumamosi ya mwisho wa mwezi nina abiria wa kuja huko Jinja. Nakuja na shemeji yangu, tuwekee sururu.

Fundi wa Jinja
Sawa. Hata 2018 walisema hivyo hivyo.