Mada: Nimepata chuo Aachen, chumba kipo Vaals. Nichukue?

Kutoka: Mgeni wa Oktoba

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nimepata nafasi ya uzamili pale RWTH, chuo kikuu cha Aachen, Ujerumani, naanza Oktoba. Viza imeshatoka. Kinachonikosesha usingizi ni chumba. Aachen kwenyewe kila ninapoandika, ama sijibiwi ama naambiwa kimeshachukuliwa. Sasa nimepata kimoja Vaals, upande wa Uholanzi. Bei yake inanifaa, na kwenye ramani ni kama kilomita tano tu hadi katikati ya mji. Mwenye nyumba anataka dipoziti wiki hii. Nilipe? Na huo mji wenyewe ukoje? Hapa Dar kila ninayemtajia Aachen anadhani nimekosea kutamka München.

---

Kutoka: Mzee wa Burtscheid

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Usilipe. Soma kwanza mpaka mwisho.

Kibali cha mwanafunzi Ujerumani inakipa mtu anayeishi Ujerumani. Kinakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen (zile za Ulaya zilizofungua mipaka kati yao), siku 90 katika kila siku 180, lakini kutembelea siyo kuhamia. Ukitaka kulala Vaals kila usiku, Mholanzi naye lazima akupe kibali chake. Utawaona wanafunzi kibao wanakaa Vaals na kusoma Aachen, raha mustarehe. Hao wana pasi za Umoja wa Ulaya. Wewe na mimi tuna pasi ya Mwenge.

Naongea kwa uchungu kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa hilohilo. Nililipa, nikapanda basi na masanduku mawili, nikapanga vitu vyangu vizuri. Wiki ya pili nikaambiwa nilete karatasi ya Anmeldung, yaani kujiandikisha makazi. Nikampa yule mama wa dirishani mkataba wangu wa pango. Akausoma, akavua miwani, akaniambia kwa upole kabisa: "Lakini hii ni nchi nyingine." Viza inakaribia kuisha, sina anwani, na bila anwani hakuna kibali. Nikaokolewa na bibi mmoja mjane wa Burtscheid aliyekuwa na chumba cha juu, na ndiyo maana mpaka leo sijahama mtaa. Dipoziti ya Vaals sikuiona tena.

Kwa hiyo tafuta ndani ya Ujerumani hata kama ni mbali zaidi: Herzogenrath, Stolberg, Eschweiler, kote treni inafika. Omba bweni la Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, leo hii, foleni yake ni ndefu. Ukipata chumba cha miezi michache cha mtu aliyesafiri, kichukue, mradi akuandikie Wohnungsgeberbestätigung, yaani karatasi ya mwenye nyumba kuthibitisha unakaa kwake. Asiyetaka kuandika karatasi hiyo, achana naye. Na anayesema yuko nje ya nchi, tuma hela nikutumie ufunguo kwa posta, huyo ni tapeli.

Umeuliza mji ukoje. Hapo umenigusa.

Kitu cha kwanza kitakachokushangaza ni kwamba mpaka hauonekani. Unatembea barabarani, ghafla namba za magari zinageuka za njano, basi, umeshaingia Uholanzi. Ukipanda kilima cha Vaals, mita 322, unakuta jiwe ambapo Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji zinakutana, na watoto wanalizunguka wakihesabu nchi. Zamani zilikuwa nne. Mwaka 1816 Prussia na Uholanzi ziligombea mgodi wa zinki wa Kelmis, kila mmoja anautaka, hakuna wa kumwachia mwenzake. Wakaamua kipande hicho, kama kilomita za mraba tatu na nusu, kisiwe cha yeyote. Kikaitwa Moresnet na kikadumu zaidi ya miaka mia. Kilikuja kuzimwa na mkataba wa Versailles baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uleule uliomnyang'anya Mjerumani Tanganyika na Ruanda-Urundi. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu kwenye treni: babu yangu kule Tabora na watu wa Eupen hapa jirani, Ubelgiji ya leo, walibadilishiwa serikali kwa karatasi moja.

Mji wenyewe ni wa kale. Warumi walikuja kwa sababu ya maji ya moto yanayobubujika chini, mengine huku Burtscheid yanazidi nyuzi 70. Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, naye aliyapenda maji hayo, akajenga kasri lake hapa na kanisa ambalo bado limesimama. Alikufa mwaka 814 na amezikwa humohumo. Kanisa hilo liliingia orodha ya UNESCO mwaka 1978, katika kundi la kwanza kabisa duniani. Kuanzia 936 hadi 1531 wafalme wa Kijerumani walikuja kutawazwa humo. Ukionyeshwa kiti chao utavunjika moyo: ni vibao vitupu vya marumaru vilivyofungwa kwa vyuma. Mimi ndicho ninachokipenda kuliko dhahabu yote iliyomo.

Na huyo Karolo aliletewa tembo! Khalifa Harun Rashid wa Baghdad, yuleyule wa Alfu Lela Ulela, alimpa zawadi tembo aitwaye Abul-Abbas. Akavushwa bahari kutoka pwani ya Afrika Kaskazini, akapandishwa milima ya Alpi, akafika Aachen Julai 802. Najaribu kupata picha ya wakulima wa hapa asubuhi hiyo.

Mlangoni mwa kanisa kuna kichwa cha simba wa shaba. Ingiza kidole mdomoni mwake, utapapasa kitu kama dole gumba. Wenyeji wanasema ni la Shetani. Walipoishiwa fedha za ujenzi aliwakopesha, kwa sharti apewe roho ya kwanza itakayoingia. Siku ya siku wakaingiza mbwa mwitu. Shetani kwa hasira akaubamiza mlango, dole likabaki. Huyo aliyetoa wazo la mbwa mwitu, kwetu tungemwita Sungura.

Sasa kahawa. Aachen ulikuwa mji wa kwanza mkubwa wa Ujerumani kutekwa na Wamarekani, tarehe 21 Oktoba 1944, ukiwa vifusi. Baada ya vita watu hawana kitu, na kahawa Ujerumani imepigwa ushuru mkubwa ajabu, huku Ubelgiji ni rahisi, na Ubelgiji ni nyuma ya ule msitu pale. Unadhani kilifuata nini? Magendo. Watoto walivuka makundi kwa makundi wakiwa na kahawa ndani ya nguo, maana askari waliona tabu kuwapiga risasi watoto. Wakubwa walikuja na magari ya deraya yaliyoachwa na jeshi, wanamwaga misumari ya pembe nne nyuma yao ili kupasua matairi ya forodha. Forodha nao wakafunga mafagio mbele ya gari aina ya Porsche, wanafagia misumari huku wanakimbiza. Siyo mzaha, magari hayo yalikuwepo. Lakini watu walikufa pia, pande zote mbili. Ushuru ulipopunguzwa mwaka 1953 biashara ikafa. Kule kijiji cha Schmidt, kilichoteketezwa na vita, kanisa lilijengwa upya, na watu wanaliita Sankt Mokka, yaani Mtakatifu Kahawa, mpaka leo. Wanajua wenyewe sadaka ilitoka wapi.

Yule bibi wangu wa Burtscheid alikuwa mmoja wa watoto hao. Aliwahi kunionyesha, jikoni, jinsi mama yake alivyoshona mifuko miwili ndani ya koti lake, akapiga mapajani hapa na hapa. Halafu akanimiminia kikombe.

---

Kutoka: Dada wa Liège

Mzee amesema yote ila chakula! Ndugu yangu, ukikumbuka nyumbani panda treni uje huku Liège, Ubelgiji, hata saa moja haifiki. Wakongo tuko wengi, sombe (nyinyi mnasema kisamvu), unga wa muhogo wa bugali, samaki wa kukauka, vyote viko. Mimi ni wa Bukavu, naishi huku na nafanya kazi Eupen, ambako Wabelgiji wanasema Kijerumani kuliko Wajerumani. Lugha zangu za siku moja: Kiswahili na mama kwa simu, Kifaransa sokoni, Kijerumani kazini.

Neno moja kwa Mzee: mwambie habari ya polisi.

---

Kutoka: Mzee wa Burtscheid

Kweli dada, nilisahau. Tangu Septemba 2024 Ujerumani imeueneza ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Mara nyingi hutaona mtu. Siku nyingine wanapanda basi au treni na kuangalia nyuso, na sura zetu unazijua zinavyoonekana haraka. Beba pasipoti na kibali chenyewe hata kama unaenda Vaals kununua maziwa, siyo picha kwenye simu. Na utaenda, maana Jumapili maduka ya Ujerumani yamefungwa na ya Vaals yako wazi. Chupa za huko usizipeleke kwenye mashine za huku kudai senti za dipoziti ya chupa, zitatemwa moja moja huku foleni inakutazama.

---

Kutoka: Mgeni wa Oktoba

Ahsanteni sana, Mzee na Dada. Nimemwandikia mwenye nyumba kwamba sitachukua. Amekasirika, basi. Nimeomba bweni, na kuna dada wa Kijerumani ana chumba Stolberg, Oktoba hadi Februari, na karatasi hiyo ndefu anatoa. Nimeshaongea naye kwa video.

Swali la mwisho. Kwenye video yake, alipoagana nami, alininyooshea kidole kidogo cha mkono. Nimekosea kitu?

---

Kutoka: Mzee wa Burtscheid

Hahaha! Hapana, huyo ni mwenyeji halisi. Hiyo ni Klenkes, salamu ya mji. Aachen ulikuwa na viwanda vya sindano, na wachambuzi walizitoa mbovu kwa kidole hicho, moja baada ya nyingine kutwa nzima. Watu wa hapa wakikutana mbali na kwao wanatambuana nacho. Nawe mnyooshee.

Jumamosi ya kwanza ukishafika, tukutane Elisenbrunnen saa nne asubuhi. Saa nne yetu, siyo ya Wajerumani, mwaka juzi kijana mmoja alikuja jioni. Huwezi kupotea, fuata harufu ya yai viza. Ni maji ya Karolo hayo, yanatoka ya moto ukutani. Nawa mikono, ila usinywe, kibao kipo.