Kitanda 5 kwa 6 au 6 kwa 6, na kichwa kikae upande gani? Fundi anasubiri advansi Jumamosi

Mpangaji_Mbagala: Wakuu, habari za usiku. Kila siku naamka saa nane nimelowa jasho, usingizi haurudi tena. Sasa tunachonga kitanda kipya. Mke wangu anataka 6 kwa 6, mimi naona 5 kwa 6 inatosha. Pia hataki miguu ielekee mlangoni, mama mkwe anasema ndivyo maiti anavyotolewa. Naombeni ushauri.

Kipaza_Sauti: Mkuu, tukushauri nini bila taarifa? Chumba futi ngapi? Dirisha na mlango viko upande gani? Kuna feni?

Mpangaji_Mbagala: Samahani. Futi 10 kwa 10, nyumba ya kupanga. Dirisha moja tu, mashariki. Mlango upo kusini. Feni ya kusimama.

Seremala_Mzoefu: Basi 6 kwa 6 achana nayo. Umebakiwa na futi nne, toa mbili za kabati, mnapita kiubavu. Chukua 5 kwa 6, mninga kama mfuko unaruhusu, na chaga, zile mbao za kubeba godoro, zisipungue kumi na mbili.

Binti_Pangani: Mimi naanza na kibla. Kwa Dar kibla ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Ukiweka kichwa kusini unainyooshea miguu. Ustadh wetu alitufundisha kuwa kuepuka hilo ni adabu, si kwamba ni haramu, lakini mimi siwezi. Weka kichwa mashariki, chini ya dirisha. Ukilalia ubavu wa kulia, uso unatazama kibla wenyewe.

Kipaza_Sauti: Dada, hivyo si ndivyo tunavyowalaza marehemu kaburini? Mama mkwe akisikia itakuwaje?

Binti_Pangani: Kulalia ubavu wa kulia ni sunna ya walio hai pia, kaka. Usimtie mwenzio hofu.

Baba_Wawili: Chini ya dirisha simshauri mtu. Kwanza mvua ya masika. Pili, kuna vijana wanapitisha kijiti kwenye nondo, simu iliyo kando ya mto inaondoka na wewe unakoroma. Bora kichwa kiwe ukuta wa magharibi.

Seremala_Mzoefu: Ukuta wa magharibi unapigwa na jua kuanzia saa nane mchana. Uguse saa nne usiku, bado una moto. Tofali limekunywa jua, usiku linakurudishia kichwani. Jasho lake huenda linatoka hapo hapo. Mkuu, sasa hivi mnalala wapi?

Mama_Mapacha: Naomba niseme jambo, maana limenigharimu. Mwaka juzi tulihamia chumba ambacho ukuta mmoja ulipakana na bafu la wapangaji. Tukabana kitanda ukutani kabisa ili watoto wapate pa kuchezea. Fundi alituwekea plaiwudi badala ya chaga, na sisi tukaona ndiyo imara. Baada ya miezi michache mdogo akaanza kukohoa usiku. Dawa tukanunua, kikohozi kikatulia, kikarudi. Siku moja nafua shuka, mkono ukagusa pembe ya godoro, nikahisi ubaridi. Nikainua. Chini kulikuwa na madoa meusi kama masizi, sponji imelainika, harufu ya gunia lililonyeshewa. Mwanangu alikuwa analala upande huo huo, pua inagusa. Nililia. Tulilitupa godoro, tukasogeza kitanda shubiri mbili kutoka ukutani, tukang'oa plaiwudi tukaweka chaga. Kikohozi kikaisha. Tafadhali, shika ukuta kwa kiganja kabla hujaamua lolote.

Baba_Wawili: Pole sana dada. Ila plaiwudi ikitobolewa matundu haina shida, mimi ninayo mwaka wa sita.

Seremala_Mzoefu: Matundu hayatoshi, godoro linayaziba. Chaga ni chaga.

Mpangaji_Mbagala: Dada Mama Mapacha, umenishtua. Sikusema: nyuma ya ukuta wa kaskazini kuna bafu la nje. Nimeugusa sasa hivi, kwa chini rangi inabanduka. Na kwa sasa kichwa tunakiweka magharibi.

Binti_Pangani: Basi imebaki mashariki. Kitanda kikae shubiri mbili kutoka dirishani, simu iwe kabatini. Kaskazi ikianza Desemba utapata upepo.

Kipaza_Sauti: Upepo utapitia wapi na dirisha ni moja? Lazima mlango uwe wazi, na usiku huwezi. Feni aigeuzie dirishani isukume joto nje jioni, kisha arudishe kitandani.

Jirani_Mwema: Na chandarua? Cha duara kinabana, mkono ukigusa wavu mbu anauma kwa nje. Cha mraba kinapitisha upepo wa feni.

Baba_Wawili: Cha mraba kinahitaji misumari minne, mwenye nyumba atakubali?

Mpangaji_Mbagala: Hilo sijamuuliza. Nimeongea na mke wangu, 5 kwa 6 amekubali. Mashariki anasema hadi azungumze na mama yake kesho.

Seremala_Mzoefu: Mwambie fundi chaga, usisahau. Godoro ni inchi ngapi?